Mpwa wangu aligongwa na boda mwezi wa saba, mpaka leo hela zinatoka tu. Mliopitia hili mlifanyaje?

Mjomba wa Kitangari

Wakuu habari za jioni. Niko Newala huku, naomba nieleze kirefu kidogo maana nikikatakata hamtanielewa.

Mwezi wa saba mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 8, alikuwa anatoka madrasa na wenzie, boda ikamchukua ubavuni ikamrusha akaangukia kichwa kwenye kifusi pembeni ya barabara. Aliyemgonga ni dogo wa mtaa wa pili, namjua mpaka bibi yake. Hakukimbia, yeye mwenyewe ndo alimbeba mtoto mpaka kituo cha afya, shati lake ndo lilifungia kichwa. Sasa wazee walipokaa usiku ule wakasema hili tulimalize nyumbani, mtoto wa watu hakukusudia, polisi wa nini. Tukaandikishana kwa mwenyekiti, dogo akatoa laki mbili na nusu na mbuzi mmoja, tukapeana mikono. Mi ndo nilikaa upande wa mtoto, baba yake yuko Msumbiji mwaka wa nne huu hana hata salamu, na kwetu mnajua, mjomba ndo mwenye mtoto, ukikaa kimya kwenye kikao basi umekubali.

Na kuna kitu nakiona aibu kukisema ila nakisema. Pale kituo cha afya walipouliza PF3 (ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa) iko wapi sisi tukasema kaanguka mwembeni. Ndo imeandikwa hivyo mpaka leo.

Siku ile alizimia kama dakika kumi hivi, akaamka, akatapika mara tatu, akawa anasinzia kila ukimwamsha. Wakatupa rufaa kwenda Mtwara. Gari la wagonjwa tukachangia mafuta 90,000, CT skani (ile picha ya ndani ya kichwa) 180,000, wakaona ufa kwenye fuvu na damu kidogo imevia ndani ila wakasema haihitaji kupasua, akalazwa siku sita. Ile hela ya boda iliisha hata kabla hatujatoka wodini. Nikasema potelea mbali, mtoto kapona, Mungu mkubwa.

Kumbe ndo kwanza tunaanza. Mwisho wa mwezi wa nane kaanguka kifafa usiku, halafu tena wiki iliyofuata akiwa shule. Mkono wa kulia hashiki kalamu sawasawa, kichwa kinamuuma kila jioni, na hasira, mtoto alikuwa mpole kama maji ya mtungi, sa hivi ukimwambia lete kikombe anakirusha. Tumerudi Mtwara mara tatu, kila safari ni watu wawili, nauli, kula, kulala, foleni ya leo ikiisha kabla hujafikiwa unalala tena. Dawa ni za kila siku, zikikosekana dirishani nanunua duka la dawa. Naandika kwenye daftari langu la korosho, ukurasa wa nyuma: mpaka juzi 1,340,000. Na kuzipata nimeuza korosho kangomba (kwa mlanguzi, nje ya mnada) kilo 300 kwa 1,700, na bado nadaiwa na shemeji.

Ninachouliza: hivi hii inafika mahali inaisha? Halafu kwa yule dogo, tulishapeana mikono, naweza kurudi au ndo nimeshaula wa chuya? Na je nikiingiza kaya kwenye CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, sa hivi itanisaidia au nimechelewa. Mwenye uzoefu tafadhali.

Kijana wa Sinani

Pole mkuu. Ila mi nakwambia ukweli ambao wengi humu hawatakwambia, mtoto kaanguka saa za magharibi halafu kaanza degedege baada ya mwezi, hiyo siyo ya hospitali hiyo. Tafuta mtu akuangalizie kabla hujauza na shamba.

Tabibu wa Nyanda

Mkuu wa Kitangari pole sana. Mimi ni afisa tabibu, niko hospitali ya wilaya huku huku kusini, naandika nikiwa zamu kwa hiyo nikikatika katikati msishangae.

Kwanza nimjibu kijana hapo juu bila ugomvi. Mtoto akiumia kichwa, ubongo unapona kwa kovu, kama goti tu linavyoacha kovu. Lile kovu ndo linarusha cheche, ndo kifafa chenyewe. Kikija ndani ya siku saba za mwanzo tunakihesabu ni cha ajali ile ile, mara nyingi kinapita. Kikija baada ya hapo, kama hiki cha mwezi wa nane, kina tabia ya kurudi rudi ndo maana wakampa dawa za kila siku. Hakuna cha magharibi hapo. Anayetaka kusoma dua asome, hata mi nasoma, ila kidonge kiwe kimeshamezwa.

Sasa mkuu nikuulize, anatumia dawa gani? Kama ni fenobabitoni, hiyo dawa nzuri na rahisi lakini kwa watoto wengine inaleta utukutu na hasira, wengine wanasinzia darasani. Yani inawezekana nusu ya hizo hasira ni jeraha na nusu ni kidonge. Mwambie daktari kwenye marudio, kuna nyingine kama kabamazepini anaweza kukubadilishia, ila USIBADILISHE wala kukata mwenyewe. Hapa ndo wengi wanapopigwa. Dawa imeisha, hela hakuna, mtoto hajaanguka mwezi mzima, baba anasema si kapona, wanaacha. Siku ya nne mtoto anakuja kwetu anadegedeka nusu saa mfululizo, anawekewa dripu, oksijeni, rufaa na gari juu. Umeokoa elfu kumi na mbili umelipa laki tatu. Nimeona hiyo hesabu siyo mara moja. Kwa kawaida daktari anafikiria kupunguza dawa mtoto akikaa kama miaka miwili bila kuanguka, na hapo anapunguza kidogo kidogo. Kwa hiyo swali lako la inaisha lini, kwa upande wa dawa panga hesabu ya miaka miwili kwanza.

CHF iliyoboreshwa, kwa kiwango cha mpaka 2025, ni 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu mpaka sita, inatibu kuanzia zahanati inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo ukipelekwa hospitali ya kanda pale Mitengo Mtwara au Dar inakuacha mlangoni. Lakini kwako wewe mwenye kliniki za kila mwezi na dawa, ingia, hujachelewa. Ukienda anzia chini upate barua ya rufaa, usiruke ngazi ndo kadi inaposhindwa.

Na wengine mnaosoma: mtoto kapigwa kichwa halafu anatapika tena na tena, au anasinzia haamki vizuri, au mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, au maji meupe au damu inatoka sikioni au puani, au kazungumza vizuri masaa mawili matatu halafu analegea, usisubiri asubuhi. Huyu wa mwisho ndo anaua, watu wanasema alikuwa anacheza jamani, kumbe damu inajikusanya polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Zamani CT ilikuwa lazima Dar, siku hizi ipo Mtwara na Lindi, saa zinazookolewa hapo ni nyingi sana. Ila pia siyo kila mtoto aliyejigonga anahitaji CT, ile ni mionzi. Wengi wanaangaliwa masaa 24 tu na wanarudi nyumbani salama, msimlazimishe daktari.

Naitwa wodini.

Mama Nasra Lindi

Kaka yangu nimesoma mpaka nimekaa chini. Ngoja nikueleze yangu.

Mwanangu alikuwa na miaka minne na nusu, huku Lindi mjini kuna yale magofu ya nyumba za mawe za zamani, watoto wanapanda kutani wanachezea, akadondoka. Alikuwa damu imejaa upande wa kulia, tukaenda Dar akapasuliwa. Sasa watu wote wakawa wananiambia una bahati mtoto chini ya miaka mitano matibabu bure. Ni kweli bwana sera inasema hivyo na hela ya upasuaji sikudaiwa, siwezi kusema uongo. Lakini bure ya mtoto siyo bure ya mama yake. Mi nilikuwa na meza ya samaki wa kukaanga, wiki saba nimekaa Dar, narudi meza ina mtu mwingine na mtaji nimeshaula na vocha na chakula na nepi za mtoto maana alirudi kuwa kama mchanga hajui choo. Baba yake kauza mashine ya boti. Mashine! Mvuvi bila mashine si anakuwa mbeba ndoo za wenzie. Hakuna risiti ya hospitali ilioandikwa mashine ya boti lakini hiyo ndo gharama kubwa kuliko zote niliyolipa na mpaka leo tunailipa.

Halafu marudio. Walitupa tarehe mwezi wa tano 2024, si ndo Kimbunga Hidaya kikakata barabara kule Somanga, magari yamelala foleni, mi niko na mtoto na biskuti na maji, tukarudi nyumbani, tarehe ikapita, ya pili ikabidi nitafute nauli upya. Wewe wa Newala ukipewa rufaa ya Dar uhesabu na masika.

Kitu kilichoniokoa ni ustawi wa jamii. Hospitali za mkoa zote wana ofisi, wengi hatujui, tunapita tu pale mlangoni. Unakwenda na barua ya mtendaji inaeleza hali yako, wanakuhoji, wanaweza kukupunguzia au kukusamehe vipimo. Usiende siku ya kutoka bili ishaandikwa, nenda siku ya kwanza. Mi dada mmoja wa usafi ndo kanishtua, siyo daktari wala nani.

Sasa mkono. Na wangu ulikuwa mkono, kushoto. Mtu wa fizio, yaani mazoezi ya viungo, alinionyesha mara mbili tu halafu akasema mama mimi ntakuona mara moja kwa mwezi, wewe unamuona kila siku, kwa hiyo wewe ndo fizio. Akaniambia mkono ule mzuri nimfungie na kanga nusu saa, halafu bakuli mbili, moja nijaze mbaazi, ahamishe moja moja na mkono mbovu. Siku ya kwanza alihamisha tatu akalia nikalia na mimi. Baada ya miezi minne anahamisha bakuli zima na anadokoa. Sa hivi anafunga vifungo vya sare mwenyewe, kimoja cha juu ndo bado. Haikunigharimu kitu zaidi ya mbaazi na muda, ila muda nao kaka ni hela, hiyo nusu saa asubuhi ndo nilikuwa napaswa kuwa feri nanunua samaki.

Dogo wa Kijiwe

Mi naendesha boda Masasi mwaka wa sita. Naomba niseme upande wetu.

Kaka umekosea kitu kimoja na siyo kosa lako peke yako, sisi sote tunafanya. Hukuuliza pikipiki ya nani. Wengi wetu chombo siyo chetu, cha tajiri, tunapeleka hesabu kila siku. Na chombo kikiwa barabarani lazima kiwe na bima, angalau ile ya mtu wa tatu. Sasa mtu wa tatu ndo nani? Ndo huyo mpwa wako! Ile bima haitengenezi pikipiki wala hainitibu mimi dereva, kazi yake ni mtu niliyemgonga. Yani mmemkamua dogo laki mbili na nusu ya kukopa kijiweni (nakuhakikishia alikopa) wakati labda kuna kampuni ilishapokea hela ya kazi hiyo hiyo.

Tatizo akisikia polisi anaona chombo kitalala kituoni, hesabu inadaiwa, tajiri atamnyang'anya, kwa hiyo anasema tumalizane. Mi mwenyewe nishawahi. Na wenye bima iliyokwisha muda nao wapo, tusidanganyane. Ila kuna njia ya kuangalia, mamlaka ya bima TIRA wana mfumo wao mtandaoni, unaingiza namba ya chombo unaona kama kina bima na inaisha lini. Dakika mbili. Angalia tarehe ya ajali bima ilikuwa hai au la, siyo leo.

Kijana wa Sinani

@Tabibu nimekuelewa mkuu. Mi nilisema kwa nia nzuri, mdogo wangu alipata malaria ya kichwani tukampeleka kwa mtu kwanza. Yupo ila kuongea ndo hivyo.

Tabibu wa Nyanda

@Kijana wa Sinani pole sana ndugu yangu, na hujakosea kulisema. Hilo nalo liko kwenye mada hii hii. Watu wakisikia jeraha la ubongo wanafikiria boda na mwembe tu, kumbe huku kwetu malaria kali inayopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo zinaacha watoto na hali ile ile. Tafiti za Kilifi Kenya na Kampala Uganda zilikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya kichwani anabaki na shida ya kufikiri, kusema au kukumbuka. Mdogo wako kama ni mdogo bado, mpeleke akaonwe, hospitali ya CCBRT Dar wanashughulika na watoto wa namna hiyo. Usiseme imeshapita.

Wakili wa Mikindani

Siyo wakili, jina tu, ni msaidizi wa kisheria. Nijibu lile la kurudi kwa dogo.

Karatasi ya mwenyekiti siyo hukumu ya mahakama. Mlikubaliana mkiwa hamjui ukubwa wa jeraha, na mwenye madai ni mtoto, siyo wewe wala mwenyekiti. Ukomo wa kudai fidia ya madhara kama haya ni miaka 3, na sheria ya ukomo inampa nafuu ya muda mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo muda unao. Lakini msiukalie, mashahidi wanahama na alama za ajali pale barabarani hazipo tena.

Kikwazo chako ni ule mwembe. Kampuni ya bima itataka ripoti ya polisi na karatasi za hospitali, na karatasi zako zinasema mtoto kaanguka mtini. Itabidi uende polisi wewe na dada yako na dogo mwenyewe, mseme ukweli wote, pamoja na kwamba mlidanganya na kwa nini. PF3 mtapewa kwa kuchelewa, haina nguvu kama ya siku ile ile ila ipo. Halafu hospitali umwombe daktari aandike maelezo mapya kwenye faili, asifute ya zamani, aongeze. Walioona waandike, hao watoto wa madrasa wana wazazi, ustadhi naye yupo. Dogo akikubali kwamba aligonga, nusu ya kazi imekwisha. Ajue kuna uwezekano wa kesi ya usalama barabarani, msimfiche hilo, mtu hasaidii vizuri akiwa amedanganywa.

Kampuni ikikuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko huko bila gharama za wakili.

Na lile daftari lako la korosho ni mali, usilichezee. Anza kubandika risiti, hata tiketi za basi. Hela ambayo haina karatasi ni hadithi.

Nikuongezee moja la hesabu ambalo umelipita. Kangomba kilo 300 kwa 1,700 ni 510,000. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza huku ulivuka 4,000 kwa kilo. Tuseme msimu wako ungepata 2,700 tu, umepoteza 300,000 nyingine ambayo haiko kwenye ile 1,340,000 yako. (Na kangomba ni kosa kisheria, hilo nalo ulijue, nisije nikaonekana naibariki.)

Mwalimu Nachingwea

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nitasema linalonihusu.

Miaka iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyerudi shule baada ya kuanguka kwenye mnazi. Mzima kabisa kwa kumtazama, kovu limefunikwa na nywele. Akawa anasahau, anatazama dirishani, nikimwita mara tatu hasikii, nikimuuliza jana tulisoma nini anasema jana ilikuwa Ijumaa. Nilimchapa. Siyo mara moja. Hakuna mtu aliniambia, mama yake alidhani nikijua nitamkataa, mimi nilidhani ni uvivu. Niliambiwa na shangazi yake sokoni, katikati ya nyanya, kama umbea tu.

Kwa hiyo Mjomba nenda shule wewe mwenyewe, usimtume mtoto wala usiandike barua. Mwambie mwalimu mtoto huwa anaumwa kichwa saa ngapi, akianguka afanywe nini (wasimtie kijiko mdomoni, huwa wanatia), akae mbele, apewe muda kwenye mtihani, kama mkono hauandiki ajibu kwa mdomo. Waulize wilayani shule ipi ina kitengo cha elimu maalum kwa ushauri tu, haimaanishi ahame. Mtoto akirudia darasa mwaka mmoja nao una gharama yake, sare, michango, na mwaka wenyewe. Hiyo nayo iandike kwenye daftari.

Msafiri wa Tandahimba

Kuhusu usafiri si upige 115 tu gari linakuja bure? Mbona mnachangia mafuta

Tabibu wa Nyanda

Hapana mkuu, 115 ni m-mama, ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Mtoto wa miaka 8 haimhusu.

Msafiri wa Tandahimba

Ooh basi sawa, nimejifunza

Mjomba wa Kitangari

Wakuu sikuwa na bando siku kadhaa, nimesoma yote. Nawajibu kwa pamoja.

Dawa ni fenobabitoni kweli, Tabibu umepatia. Marudio ni wiki ijayo nitamwambia daktari. Nilikuwa nimeshafikiria kuacha kwa wiki mbili mpaka mnada upite, niseme ukweli, dada alishanikubalia. Tumekopa vidonge vya siku kumi kwa jirani mwenye ugonjwa huo huo tukasoma paketi ni zile zile.

Nimekwenda kwa yule dogo. Sikujua nianze vipi, bibi yake katuwekea viti nje na chai ya mkandaa. Nikamwambia sikuja kudai, nimekuja kuuliza pikipiki ya nani. Akanyamaza, akasema ya tajiri yuko Mtwara mjini, na kweli laki mbili alikopa, bado anazilipa kwa riba. Tumeangalia namba kwenye simu ya kijana mmoja, bima ilikuwa hai mwezi wa saba, imeisha mwezi wa tisa. Akasema yuko tayari kwenda kituoni ila anaogopa chombo kuzuiwa, nikamwambia hata mimi naogopa ule mwembe. Tukacheka kidogo. Tumekubaliana Jumatatu twende mimi, yeye, dada na ustadhi. Tajiri bado hajui, hapo ndo sijui itakuwaje.

Ustawi sikuwahi kusikia kabisa. Mtendaji kaniandikia barua, kanitoza na hela ya kuchapa lakini kaniandikia. CHF nimelipa 30,000, tumeingia sita, mama mkwe kabaki nje kanuna.

Mwalimu, nilikwenda shule jana. Mwalimu wake kijana tu, alinisikiliza, akasema alijua mtoto kabadilika ila alidhani ni mambo ya nyumbani. Kamhamishia mbele. Kuhusu kijiko alishangaa, anasema ndo walichofanya siku ile.

Mama Nasra kanga tumeifunga, mbaazi tumechota kwenye mbegu za dada. Leo siku ya pili. Kahamisha kumi na moja, ya kumi na mbili ikadondoka akataka kurusha bakuli, nikalishika, akanitazama, akaokota mwenyewe.

Mama Nasra Lindi

Kumi na moja siku ya pili? Wangu alifanya tatu. Usimzidishie, akichoka mfungulie.